Kompyuta ya Sikio Iliponyamaza

Ofisini walimwita Sikio, na jina likamkaa. Surua ilimwondolea macho akiwa darasa la pili, lakini masikio yake yalikuwa ya kutisha. Alikuwa mnukuzi wa baraza la usuluhishi wa kazi. Wafanyakazi na waajiri walizozana mbele ya baraza, mashine ikarekodi, kisha yeye akasikiliza rekodi na kuandika kila kilichosemwa, neno kwa neno. Shahidi akiguna, Sikio aliandika ameguna. Watu watatu wakizungumza kwa mpigo, aliwatenga kama mtu anayechambua mchele.

Aliandika kwa kompyuta iliyokuwa na sauti. Programu iliyomo ndani yake ilimsomea kila kilichokuwa kwenye kioo, herufi aliyobonyeza, jina la faili, saa, chaji iliyobaki. Ilikuwa sauti ya kiume, na ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana. Neno ng'ombe kwake lilikuwa vita. Sikio aliizoea, akaiweka mwendo wa kasi kiasi kwamba mtu mwingine akiisikia alidhani redio imeharibika.

Ilimchukua miaka miwili ya barua kuruhusiwa kufanyia kazi hiyo nyumbani, ambako pana utulivu. Karani mkuu ndiye aliyekuwa kizingiti. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na tabia ya kuuliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Na hii nayo utaiweza?" Sikio alikuwa ameyasikia maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba yalimjia hata akiwa anaoga.

Sasa mwezi huo mtaa wao ulichimbwa. Watu wa maji walikuja na sururu, wakaipasua barabara kuanzia dukani mpaka kwenye kona, wakaacha mtaro wa kina cha kiuno mbele ya kila mlango. Juu ya mtaro waliweka ubao mmoja wa kuvukia, mwembamba, unaocheza. Na wiki hiyohiyo mke wa Sikio, ambaye ni muuguzi, akaitwa kwenye mafunzo ya wiki mbili katika mji mwingine. Binti yao alikuwa shule ya bweni.

"Ukivuka ule ubao peke yako," mke alimwambia akifunga sanduku, "nitakukuta umevunjika mguu, na sitakuuguza."

Kisha akampigia simu mama yake.

Mama mkwe alifika Jumamosi. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mstaafu wa chumba cha kufulia cha hospitali, alikofua na kupiga pasi mashuka kwa miaka ishirini na tisa, na hakuwahi kuona kitu asitake kukifuta. Alikuja na mfuko wa nguo, miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi, na vitambaa vyake mwenyewe vya kufutia, kana kwamba nyumba ya mtu mwingine haiwezi kuwa na kitambaa cha maana.

Miaka kumi na miwili ya ndoa, na hawakuwahi kubaki wawili tu ndani ya nyumba moja. Mkwe ni mkwe. Asubuhi waliamkiana kwa heshima nzito, "Shikamoo mama," "Marahaba baba, umeamkaje," kisha kila mmoja akamngoja mwenzake atoke kwanza sebuleni. Sikio alikohoa kabla ya kuingia ukumbini, ili ajulikane. Mama mkwe naye akawa anakohoa. Siku ya pili nyumba ilisikika kama wodi ya kifua.

Lakini kikohozi kilikuwa kitu kidogo. Tatizo lilikuwa usafi. Mtu asiyeona huishi kwa kumbukumbu za mkono, kikombe hapa, chumvi pale, kigoda mbali na mlango. Mama mkwe alikuwa amepanga upya kila kitu kwa mapenzi yote. Sikio aliweka sukari ikawa chumvi, akajigonga ugoko kwenye kigoda mara mbili, na kila mara alisema, "Hamna shida, mama." Angemwambiaje? Kutoka hawezi, kulalamika hawezi. Alichobakiwa nacho ni meza yake ya dirishani, kiti chake, na ile sauti ya haraka kwenye vipokea sauti. Akivivaa, alikuwa mtu huru.

Basi Jumanne asubuhi kompyuta ikamwambia kwa mara ya nne kwamba diski imejaa.

Alikuwa na shauri kubwa mkononi, la wafanyakazi arobaini na wawili wa kiwanda cha sabuni. Kurasa mia moja na tisini alikwisha kuziandika, bado kidogo tu, na siku ya kukabidhi ilikuwa Ijumaa saa nane mchana. Rekodi zenyewe zilikuwa nzito, zimejaza kila pembe. Kwa hiyo akaanza kutafuta cha kutupa. Akapekua folda kwa folda, akiuliza ukubwa wake, mpaka akakuta moja ya gigabaiti kumi na tisa yenye jina refu la herufi na tarakimu. Sauti ililisoma jina hilo kwa kasi, likapita kama pikipiki. Sikio hakulirudia. Alijiambia ni mabaki ya programu ya zamani.

Akabonyeza futa. Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Akasema ndiyo. Ikamwambia kitendo hiki kinahitaji idhini ya msimamizi. Msimamizi alikuwa yeye. Akatoa idhini. Ikamwonya kwamba vitu hivi haviendi kwenye pipa la taka, vinaondoka moja kwa moja. Akasema ndiyo, kwa kidole cha mtu aliyezoea kuulizwa maswali ya kipuuzi, akanyanyuka kwenda kunywa chai.

Aliporudi, sauti ilikuwa inakatakata kama mtu mwenye kwikwi. Akasimamisha ufutaji, akaamua kuizima na kuiwasha tena. Ikazima vizuri. Alipoiwasha, feni ikazunguka, taa bila shaka zikawaka, na alingoja ile sauti imwambie karibu.

Haikumwambia kitu.

Aliwasha mara saba. Kila mara feni ilivuma, ikapoa, kisha pakawa kimya. Kwa mtu anayeona, kompyuta iliyoharibika bado ina uso. Ina maandishi, ina rangi, inasema imeumia wapi. Mbele ya Sikio kulikuwa na bamba la plastiki lenye joto, basi.

Sasa, wakati yeye akinywa chai ile, mama mkwe alikuwa amepita mezani na kitambaa chake kibichi. Akasimama nyuma yake.

"Baba, mbona leo haisemi?"

"Imekataa kuwaka, mama."

Alisikia ndoo ikiwekwa chini taratibu.

"Ni kitambaa changu," mama mkwe alisema. "Nimeifuta mgongo sasa hivi. Kilikuwa na maji. Maji yameingia."

Hapo Sikio angeweza kusema, hapana mama, ni mimi. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Lakini akamwona karani mkuu kichwani mwake, akamwona mke wake ambaye alishamwambia mara ngapi kwamba haraka itamponza, na nyuma yao wote akajiona yeye mwenyewe, mtu mzima anayejitapa kwamba hahitaji kushikwa mkono, aliyefuta roho ya kompyuta yake kwa kidole chake.

"Labda," alisema.

Mama mkwe alibeba ndoo yake akaenda jikoni, na baada ya kitambo bomba likafunguliwa kwa nguvu, nguvu isiyo ya kuosha vyombo. Chini ya kelele za maji Sikio, kwa yale masikio yake, akamsikia analia.

Siku ile ilikuwa ndefu. Alikaa mezani kwa sababu hakuwa na pengine pa kukaa. Nje wachimbaji waligonga, mbele ya mlango ubao ulilia kila mtu alipovuka, na ndani mama mkwe alitembea kwa ncha za vidole kama mtu aliye na maiti. Hakufuta kitu tena. Alipomletea chakula aliweka sahani mbali na kompyuta, mbali sana, akasema, "Kula, baba," kwa sauti ya mtu aliyekosa. Chakula kilikuwa kitamu, na Sikio aliacha nusu.

Saa kumi jioni karani mkuu alipiga simu. "Ijumaa saa nane, Sikio. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja."

"Hii nayo utaiweza?"

"Naimalizia," alisema Sikio, na mkono wake ukiwa juu ya bamba la plastiki lililokwisha kupoa.

Kwa nini asimwite fundi wa jirani? Alikwisha kumwita, miaka mitatu nyuma, kwa kosa dogo kuliko hili, na fundi yule aliirudisha kompyuta siku hiyohiyo inang'aa, nyepesi, haina hata barua moja ya mwenyewe. "Nimekusafishia kila kitu," alisema kwa furaha. Na fundi wa ofisini naye alikuwa anakaa meza moja na karani mkuu.

Jumatano asubuhi alimpigia Waya. Huyu walisoma pamoja shule ya wasioona, na tangu utotoni alikuwa anafungua redio za walimu na kubakiza skrubu mkononi. Sasa alikuwa anatengeneza kompyuta za wasioona wenzake kwa njia ya simu, nchi nzima.

"Umefuta nini?" Waya aliuliza moja kwa moja.

"Sijui. Folda kubwa," Sikio alinong'ona.

"Mbona unanong'ona kama mwizi?"

"Mama mkwe yupo jikoni."

"Ahaa. Sasa sikiliza. Umekata mafaili ya mfumo, yale yanayoiamsha mashine. Kazi zako pengine ziko salama kabisa ndani, ila hakuna wa kuzifungulia mlango. Ile flashi niliyokutengenezea ya dharura ipo?"

"Ipo kwenye kopo la vifungo." Akanyoosha mkono kwenye rafu. Kopo halikuwepo. Bila shaka limehamishwa. "Nitaiulizia."

"Uiulizie, halafu utafute macho. Huko tunakokwenda sauti haifiki. Ni maandishi matupu. Lazima mtu akusomee kioo."

"Hapa hakuna macho, Waya."

"Na huyo mama mkwe, ana nini usoni?"

Sikio akakohoa, akaenda jikoni.

Mama mkwe aliposikia kwamba anaweza kusaidia kuirudisha, alifuta mikono mara tatu kabla ya kuja. Kopo alilileta mbio, lilikuwa chini ya sinki na vifungo vimepangwa kwa rangi. Akavaa miwani, akavuta kigoda, akakaa umbali wa heshima. Kutoka pale hakuona kitu, ikabidi asogee. Wakabaki wamekaa bega kwa bega, mkwe na mkwe, wote wawili wamekakamaa kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti.

"Lakini Kiingereza sikijui, baba. Mimi ni darasa la saba, la zamani."

"Nisomee herufi tu, mama. Maana nitaijua mimi."

Waya alikuwa hewani. "Weka spika nimsikie," alisema.

Waya alikuwa na mdomo usio na kizuizi. Angesema umefuta, angerudia umefuta, na mama mkwe yuko hapahapa. "Spika mbovu," alisema, na huo ukawa uongo wa pili. Kwa hiyo kazi yote aliifanya simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, shingo imepinda, akiandika kwa mikono miwili na kurudia kwa Waya kila kilichosomwa. Uongo ule wa pili ulimuuma shingo siku nne.

Flashi ikachomekwa. Alipoiwasha kompyuta alibonyeza kitufe cha juu mfululizo, kama Waya alivyomwambia, ili mashine iamke kwa kutumia flashi badala ya diski yake iliyojeruhiwa. Mama mkwe akashtuka.

"Imewaka! Imekuwa buluu tupu. Kuna maandishi."

"Soma, mama."

Kimya.

"Mama?"

"Baba, hapa pana neno la aibu."

"Neno gani?"

"Siwezi kulitamka mbele yako."

"Mama, tafadhali."

Akavuta pumzi. "Imeandikwa choo," alisema haraka. "Choo, halafu kuna esi na ii."

Sikio aliganda, kisha kicheko kikampanda kutoka tumboni, akajitahidi kukibana, kikamtokea puani. "Mama, hiyo ni Kiingereza. Inasema chagua."

"Wazungu hawa," mama mkwe alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne sauti yake ikawa na uhai kidogo. Kwenye simu Waya alikuwa anapiga kelele aambiwe kinachochekesha.

Wakaendelea. Mama mkwe alimwambia Sikio ni kisanduku kipi kimekolea rangi, naye akashuka na vishale mpaka kwenye kile alichokitaka Waya. Kioo kikawa cheusi. "Nyeusi kama sufuria," alisema. "Kuna eksi kubwa, nukta mbili juu na chini, kijiti kimeegemea kushoto, halafu kitu kama mdomo wa ndege."

"Hapo hapo," Waya alisema. "Kwanza kazi zako, mashine baadaye. Nakili folda yako kwenye flashi nyingine sasa hivi, kabla hatujagusa chochote."

Ilichukua saa nzima. Huko gizani diski hazikuwa na majina aliyoyazoea. Ile ya kwanza ilikuwa ya tatu, ya tatu ilikuwa flashi. Mama mkwe alisoma orodha mstari kwa mstari, kidole kikigusa kioo, akikosea na kurudi. Esi aliiita nyoka. Alipochanganya herufi na tarakimu sifuri walipotea kabisa, wakaanza upya. Hakuchoka. Alisoma kama anavyofua, pembe zote. Mwishowe Sikio akaandika amri ya kunakili, akabonyeza, na mama mkwe akaanza kuona mistari inakimbia kwenda juu.

"Imesimama. Inasema mia moja na kumi na mbili, halafu neno linaloanza na efu."

"Faili," alisema Sikio. Mafaili mia moja na kumi na mawili. Kurasa zote mia moja na tisini zilikuwa humo. Akachomoa flashi akaitia mfuko wa shati, akaifunga kifungo.

"Sasa mfumo," alisema Waya. Amri nyingine, ndefu, ya kuikagua mashine na kurudisha mafaili yaliyopotea kutoka kwenye flashi ya dharura. Wakaiandika. Mama mkwe alisoma kilichojibiwa, silabi kwa silabi, na neno la tatu lilianza na efu tena, lakini safari hii ilifuatwa na herufi zisizokuwa za faili. Sikio alilitambua kabla hajafika mwisho. Imeshindikana.

Mara mbili ilishindikana. Mara ya tatu Waya aliwabadilishia njia, amri ikapokelewa, na asilimia zikaanza kupanda. Kisha Waya akasema ana mteja mlangoni, atapiga baadaye, na kama itafika mia wazime na kuwasha. Simu ikakatika.

Wakabaki wawili.

"Kumi na tisa," mama mkwe alisoma. Baadaye akasema ishirini na saba. Nje wachimbaji walikuwa wamepumzika kwa chakula cha mchana, na mtaa ulikuwa kimya. Ilipofika sitini na mbili, ikasimama.

"Bado sitini na mbili?"

"Bado, baba."

Dakika tano. Kumi. Feni ilivuma kwa nguvu kama mtu anayepanda kilima. Sikio alijua kwamba mashine hizi husimama hivyo wakati mwingine, na alijua pia kwamba wakati mwingine haziendelei.

"Hata ikipona," mama mkwe alisema, "Jumamosi narudi kwangu. Nitamwambia mwenyewe mke wako. Nitamwambia nimeharibu kazi ya mumewe kwa kiherehere changu. Sitaki umtetee mama yake."

Sikio akaweka mikono juu ya magoti.

"Mama, si kitambaa."

"Unanipoza."

"Sikupozi. Nilifuta mafaili mimi, Jumanne asubuhi, wakati natafuta nafasi. Iliniuliza mara tatu nikasema ndiyo. Kitambaa chako hakijafanya kitu. Nilijua tangu dakika ile."

Alisikia mama mkwe akivua miwani.

"Ulijua," alisema hatimaye.

"Nilijua."

"Nikalia jikoni, ukanisikia."

"Nilikusikia."

Kigoda kikasogea. Mama mkwe alisimama, akatoka sebuleni pole pole, hakukohoa ukumbini, na mlango wa jikoni ukafungwa.

Sikio alibaki mbele ya kioo ambacho kilikuwa kinasema jambo. Labda kilisema sitini na tatu. Labda kilisema imeshindikana. Labda kilikuwa cheusi, kimezimika muda mrefu, na feni ndiyo inazunguka bure. Aliweka kiganja juu yake, kikawa cha moto, na moto hauna herufi. Kuizima katikati kungeimaliza. Kuiacha ilikuwa kungoja asichokijua. Kumwita mama mkwe kusoma, baada ya aliyomwambia, ulimi ulikataa. Kutoka nje aende wapi, na ubao ule? Alikaa. Wachimbaji walirudi kazini, sururu zikaanza tena, na kwa kila pigo meza ilitikisika kidogo. Alihesabu mapigo mpaka mia nne, akapotea, akaacha. Katika maisha yake ya upofu, alimwambia mke wake baadaye, hakuwahi kuwa kipofu kama saa ile.

Hakujua ni muda gani ulipita. Mlango wa jikoni ukafunguka. Hatua zikaja, nzito, za mtu asiyejali kusikika. Mama mkwe hakukaa. Aliinama juu ya bega lake akasoma kwa sauti kavu, ya karani.

"Mia moja. Chini yake kuna mistari miwili. Neno la mwisho linaanza na esi, yu, si, si, ii, esi."

Imefaulu. Sikio akazima, akachomoa flashi, akawasha. Feni ikavuma. Ikapoa. Pakapita kimya kirefu kuliko vyote vya jana, na katikati yake ikaja sauti.

Haikuwa ile yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya taratibu, ile ambayo mashine huja nayo kiwandani, kwa sababu ile yake ya kiume ilikuwa miongoni mwa vitu alivyovifuta. Ilimkaribisha kwa Kiingereza, neno moja moja, kama inamfundisha mtoto.

"Asante, mama," Sikio alisema. "Na unisamehe."

"Chakula kiko mezani," alijibu mama mkwe, akaondoka.

Alhamisi aliandika kutwa nzima na yule mwanamke wa taratibu masikioni, akarudia kurasa chache za Jumanne alizokuwa hajazihifadhi, na Ijumaa saa saba na nusu akatuma. Karani mkuu alimpigia kusema shahidi wa kumi na nne ameandikwa jina la baba badala ya lake. Basi. Hakuna kingine alichouliza.

Mama mkwe alikaa mpaka mafunzo yalipoisha, kwa sababu mtaro ulikuwa bado wazi na alikuwa ameahidi. Alipika, alifua, aliitikia salamu. Meza ya Sikio hakuigusa tena hata kwa kidole, vumbi likakaa, Sikio akalifuta mwenyewe kwa mkono wa shati. Mke aliporudi, mama yake alimwambia kompyuta iliugua ikapona, akanyamaza, akafunga mfuko wake. Hakumchongea. Hilo lilimbana Sikio kuliko kama angepigiwa kelele sebuleni.

Kwa hiyo yeye mwenyewe akasema, mama mkwe alipokwisha kuondoka. Mke alimsikiliza mpaka mwisho, hakucheka hata aliposimuliwa lile neno choo.

"Umemwomba radhi mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mama yangu umemliza siku mbili, na umemwomba mara moja." Akamwekea simu mkononi.

Mama mkwe alipokea akasema ana wageni, apigiwe kesho. Kesho yake simu iliita mpaka ikachoka. Siku ya tatu Sikio alipiga akiwa amesimama, kama mtu aliye mbele ya baraza, na alipopokelewa tu akaanza, "Shikamoo mama, napiga kwa ajili ya lile jambo, naomba..."

"Marahaba. Nilikusikia tangu siku ile," mama mkwe alimkatiza. "Sikuwa tayari, ndiyo maana sikujibu. Leo niko tayari, yamekwisha. Na huo mtaro, wameshaufukia au bado mnavuka juu ya ubao?"

"Wamefika nyumba ya jirani, mama."

"Basi usitoke," alisema.